Moyo umetengenezwa. Na figo je?

Na mganga msaidizi wa zahanati, Geita

Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao ni wachache vijijini, lakini wapo. Ni watu waliopasuliwa moyo. Kifuani wana kovu refu, toka chini ya koo mpaka karibu na tumbo. Wengi wao bado vijana. Wametoka hospitali kubwa, wamerudi nyumbani Kahama, Msalala, Bukombe, Nyarugusu. Ndugu zao wamefurahi, pengine wamechinja mbuzi. Kila mtu anasema, "Amepona."

Mimi nasema moyo umetengenezwa. Lakini nauliza: nani anaangalia figo zake?

Najua wengine watashangaa. Mtu kapasuliwa kifua, mganga anauliza habari za mkojo. Mzee mmoja aliniambia hivyo hivyo nilipomwomba mjukuu wake alete mkojo upimwe. Alisema, "Mwanangu, huyu ni mgonjwa wa moyo. Mambo ya mkojo yametoka wapi?" Nikamjibu, "Babu, keti kidogo nikueleze." Niliyomweleza ndiyo ninayoandika hapa, na mengine nimeyaongeza.

MOYO NA MILANGO YAKE

Moyo ni kama ngumi ya mwenye nao. Kazi yake ni kusukuma damu mwili mzima, usiku na mchana. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika 1.

Ndani ya moyo mna milango 4. Madaktari huiita valvu. Kila mlango hufunguka damu ipite, kisha hujifunga damu isirudi nyuma. Mfugaji ataelewa upesi. Ng'ombe wakiingia zizini jioni, mlango unafungwa. Mlango ukiwa mbovu, ng'ombe hurudi nje, na wewe utakimbia nao usiku kucha. Moyo wenye mlango mbovu nao hukimbia hivyo. Kuna mlango usiofunga vizuri, damu hurudi nyuma. Kuna mlango uliokakamaa, haufunguki vizuri, damu hupita kwa shida. Mwisho wake ni mmoja. Mtu huhema akitembea kidogo, miguu huvimba, usiku hawezi kulala chali.

Huku kwetu milango hii mara nyingi huharibika toka utotoni. Chanzo ni kidonda cha koo. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anaumwa koo na homa. Kuna mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho anayeleta ugonjwa huo. Mtoto asipotibiwa, koo hupona lenyewe, na mama anasahau. Baada ya wiki 2 au 3, magoti na viwiko vinavimba na kuuma, leo hapa, kesho pale. Watu husema ni baridi. Kumbe kinga ya mwili iliyokuwa inapigana na mdudu sasa inapigana na viungo vya mtoto mwenyewe, na milango ya moyo ni mmojawapo wa viungo hivyo. Hali hiyo ikirudi mara nyingi, milango inakakamaa.

Mdudu huyo huyo wa koo, ambaye pia hukaa katika vidonda vya upele, anaweza kumdhuru mtoto figo. Wiki 1 mpaka 3 baada ya koo, au wiki kadhaa baada ya vidonda vya ngozi, uso wa mtoto unavimba asubuhi, na mkojo unakuwa mwekundu mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mama wengi husema mtoto amenenepa. Hajanenepa. Ana maji mwilini. Mlete zahanati siku hiyo hiyo.

FIGO NI NINI?

Figo ni mbili. Zimekaa upande wa mgongo, chini ya mbavu, moja kulia na nyingine kushoto. Umbo lake ni kama punje ya harage, ukubwa wake kama ngumi. Wanaochinja wanazijua.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kama milioni 1. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja majimaji ya damu kiasi cha lita 180. Hizo ni ndoo 9 kubwa, zile za lita 20. Karibu yote hurudishwa katika damu. Kinachobaki ni lita 1 au 2 tu, na huo ndio mkojo. Ndani ya mkojo mna takataka za mwili, chumvi iliyozidi na maji yaliyozidi.

Sasa sikiliza vizuri. Katika zile lita 5 ambazo moyo husukuma kwa dakika, figo hupata kama lita 1. Ni fungu kubwa mno kwa viungo vidogo kama hivyo. Kwa hiyo moyo ukilegea, figo hupata taabu mapema. Mkulima wa mpunga wa Shinyanga anajua habari hii. Maji yakipungua katika mfereji, jaruba la mwisho ndilo hukauka kwanza, hata kama tuta lake ni zima na mwenye shamba ni hodari. Figo za mgonjwa wa moyo ni jaruba hilo. Zenyewe hazina kosa. Hazipati maji.

Hii ndiyo sababu mgonjwa wa moyo huvimba miguu. Figo zikipata damu kidogo, hudhani mwili umekauka. Hushika chumvi na maji, hazitaki kuyatoa. Maji yanazidi, moyo unalemewa zaidi. Moyo na figo huangushana namna hiyo.

SIKU YA KUPASULIWA

Mlango wa moyo hautengenezwi moyo ukiwa unapiga mbio. Moyo lazima usimamishwe kwa muda. Wakati huo damu hutolewa mwilini kwa mipira, hupita katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha hurudishwa mwilini. Daktari mmoja wa Marekani, John Gibbon, aliitumia mashine ya namna hiyo kwa mafanikio mwaka 1953 katika mji wa Philadelphia. Mwaka 1960 daktari mwingine wa Marekani, Albert Starr, alifaulu kumwekea mgonjwa mlango wa moyo uliotengenezwa na watu. Kwetu Tanzania, upasuaji wa moyo kwa njia hii ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India, na asiyepata nafasi alirudi nyumbani kungoja. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Hili ni jambo la kujivunia. Mtoto wa mkulima wa pamba kuwekewa mlango mpya wa moyo ndani ya nchi yake, na madaktari wanaozungumza naye Kiswahili, si jambo dogo.

Lakini mashine si moyo. Kwa saa kadhaa figo hupata damu kwa namna ambayo hazikuizoea. Msukumo huwa mdogo. Chembe nyekundu za damu nyingine hupasuka katika mashine, na rangi yake hupita katika vichujio vya figo na kuviudhi. Mwili wote hupata mshtuko. Pengine mgonjwa alifika mezani figo zake zikiwa zimechoka tayari, maana alikaa na ugonjwa miaka mingi. Basi, duniani kote, hata katika hospitali za nchi tajiri, kati ya watu 10 wanaopasuliwa moyo, kama 2 au 3 figo zao huyumba siku zile za mwanzo. Wengi wao hupata nafuu baada ya siku chache au wiki. Wachache huhitaji mashine ya kusafisha damu.

Ndiyo maana mgonjwa akiamka hukuta amewekewa mpira wa mkojo, na wauguzi wanaandika mkojo wake kila saa. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, yaani vijiko 6 vya chai, kwa saa 6 mfululizo, madaktari hushtuka. Pia huchukua damu na kupima takataka moja iitwayo kriatinini. Takataka hiyo ikipanda katika damu, maana yake vichujio havifanyi kazi vizuri.

Mara nyingi kupasuliwa huziokoa figo. Moyo ukipata nguvu, jaruba la mwisho hupata maji tena. Nimeona mtu aliyeondoka hapa amevimba mpaka mapajani, akarudi miguu yake ni membamba kama ya kijana wa kuchunga. Kwa hiyo mtu asisome ukurasa huu akakataa kupasuliwa eti figo zitakufa. Mlango mbovu ukiachwa humwua mtu na figo zake zote mbili.

KAZI NYEPESI

Hospitali kubwa hufanya kazi yake. Shida huanzia hapa kwetu.

Mtu aliyepasuliwa kifua huambiwa asinyanyue mizigo kwa miezi kadhaa, mpaka mfupa wa kifua uunge. Ni shauri jema. Lakini hapa ni nchi ya dhahabu. Mtu wa Nyarugusu au Rwamagasa asiyeweza kushuka duarani wala kubeba gunia la mawe atakula nini? Ndugu zake wanamwonea huruma, wanamtafutia kazi nyepesi. Kazi hiyo ni kukaa chini penye kivuli na kuchoma dhahabu.

Wasomaji wa Shinyanga mjini ambao hawajafika mwaloni niwaeleze. Mawe ya dhahabu husagwa kwa karasha. Unga wake huoshwa kwa maji. Unga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki katika karai, na mikono hufanya kazi ya mwiko. Zebaki ni madini mazito yanayotiririka kama maji, yana rangi ya fedha. Hushikana na dhahabu na kuwa kidonge. Kidonge hicho huwekwa juu ya moto wa mkaa. Zebaki hupaa kama moshi, dhahabu hubaki. Wengine huchomea nje, wengine ndani ya nyumba, wengine kwenye jiko lile lile la kupikia ugali, watoto wakiwa karibu.

Moshi wa zebaki hauna harufu ya kukufukuza, wala haukwaruzi macho kama moshi wa kuni mbichi. Mtu akiuvuta, sehemu yake kubwa huingia katika damu kupitia mapafu. Na ikiisha kuingia mwilini, zebaki hii hupenda kukaa wapi? Katika figo. Huko ndiko hujikusanya zaidi kuliko kiungo kingine. Huharibu vichujio na mirija yake polepole. Pia hudhuru ubongo, mikono ikaanza kutetemeka.

Sasa pima mwenyewe. Figo zilinyimwa damu miaka mingi na moyo mbovu. Zikapita katika mashine. Zimeanza kupona. Halafu mwenye figo hizo anakalishwa penye moshi wa zebaki kutwa nzima, kwa sababu ni kazi nyepesi! Mimi nasema kubeba gunia kungemwumiza kifua, angelia, watu wangemwona na kumpumzisha. Moshi humwumiza kimya kimya.

Mwenye duara na mwenye mwalo nawaambia hivi: mtu mwenye kovu la kifuani msimweke penye moto wa zebaki. Mpeni kazi ya kuandika magunia, ya kulinda vifaa, ya kuuza vocha. Na kwa wote wanaochoma, wagonjwa na wazima, kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Kidonge huwekwa ndani, moshi hupita katika bomba, hupoa na kuwa zebaki tena, ikatumika mara nyingine. Wanakiita ritoti. Kinaokoa fedha pamoja na figo, maana zebaki hununuliwa. Nchi yetu mwaka 2020 iliridhia mkataba wa dunia wa kupunguza matumizi ya zebaki. Mkataba huo unaitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa watu ulioletwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kuingia katika samaki. Sisi tuna ziwa na tuna samaki. Lakini hayo yanataka ukurasa wake.

Neno moja kwa dada zetu. Baadhi ya mafuta ya kujichubua yana zebaki hiyo hiyo, na hupita katika ngozi mpaka kwenye figo.

SINDANO YA MAUMIVU

Adui wa pili yupo dukani, na bei yake ni ndogo.

Kovu la kifua huuma, hasa wakati wa baridi ya asubuhi. Mgongo nao huuma. Mtu anakwenda duka la dawa, anasema, "Nipe dawa kali ya maumivu." Anapewa diklofenaki, au ibuprofeni, au indosidi. Pengine anachomwa sindano hapo hapo. Maumivu hutulia kweli, sikatai. Lakini dawa za jamii hii hubana mishipa inayopeleka damu ndani ya figo. Kwa kijana mzima aliyeteguka mguu, mara moja moja, figo huvumilia. Kwa mtu wa moyo ni kuliziba jaruba la mwisho kwa udongo. Tena hushikisha maji na chumvi, miguu huvimba upya. Tena, mtu aliyewekewa mlango wa chuma hunywa dawa iitwayo warfarini ili damu isigande kwenye mlango. Warfarini ikichanganyika na dawa hizi, mtu anaweza kutoka damu tumboni.

Binti mmoja wa eneo letu alichomwa sindano za namna hiyo siku 5 mfululizo katika duka moja, nalijua, silitaji. Hakuulizwa juu ya kovu. Alikuwa amevaa khanga mpaka shingoni, na muuzaji hakumwangalia zaidi ya mkono wenye fedha. Siku ya 6 aliletwa kwetu mkojo umekuwa kidogo sana na uso umejaa. Tulimpeleka hospitali ya wilaya kwa gari la mwanakijiji, na toka huko akapelekwa Bugando, Mwanza. Alipona. Alikaa huko karibu mwezi mzima, na baba yake aliuza ng'ombe wawili na shamba la mihogo.

Basi, mwenye kovu la kifua akiumwa, dawa yake ni parasetamo, kwa kipimo alichoandikiwa, wala asizidishe. Ikishindwa kutuliza, aje tuzungumze. Na kila aingiapo dukani au zahanati aseme kwanza: "Mimi nimepasuliwa moyo." Asingoje kuulizwa. Kuna sindano nyingine, gentamisini, ambayo hospitali huitumia kwa vipimo maalumu. Hiyo nayo ni kali kwa figo. Isichomwe kienyeji.

Wataniuliza juu ya mitishamba. Sisemi kila mtishamba ni sumu. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Nasema hivi: mizizi iliyochemshwa haina kipimo, na iko mingine inayodhuru figo. Iko mingine inayoizidishia warfarini nguvu au kuipunguzia. Mganga wa jadi hana kijiti cha kupima mkojo wala hajui wembamba wa damu yako. Kwa mtu wa moyo, nashauri aiache kabisa. Nimegombana na mashangazi zangu juu ya jambo hili na bado nasema hivyo.

CHUMVI, MAGADI NA MAJI

Hapa nitapita haraka. Chumvi iwe kidogo. Magadi yanayotiwa katika mlenda na maharage ni ndugu wa chumvi, nayo hushikisha maji mwilini. Yapunguzwe au yaachwe. Mboga za majani zisiachwe, ila mtu anayekunywa warfarini ale kiasi kile kile kila siku. Asile nsansa chungu kizima leo, kisha akae wiki bila mboga, maana majani mabichi na makavu hubadili nguvu ya dawa ile.

Maji yanahitaji maneno zaidi. Watu wamesikia kwamba maji huosha figo. Basi jirani anamletea mgonjwa dumu zima, anamwambia anywe. Si sawa. Mtu wa moyo hunywa kiasi alichoambiwa na daktari wake. Akizidisha, maji huingia mapafuni. Lakini siku akiharisha au kutapika, mambo hugeuka. Hapo mwili hukauka, na figo hukosa damu. Ikiwa wakati huo huo anakunywa dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuzimika kwa siku 2 tu. Kwa hiyo mtu wa moyo akiharisha asingoje kesho. Aje zahanati siku hiyo, na dawa zake zote mkononi, tumwambie ipi isimame kwa muda na ipi iendelee. Asisimamishe warfarini kwa akili yake mwenyewe, kwa sababu damu ikiganda kwenye mlango ni kifo. Na akipata homa apimwe malaria mapema, kwa sababu malaria kali nayo huvamia figo. Homa isiyoisha huenda ni wadudu waliokaa kwenye mlango wa moyo, na hao hurusha uchafu mpaka kwenye figo, mkojo ukatoka na damu.

DAFTARI

Sasa nafika kwenye shauri langu lenyewe. Wenzangu wa kazi wengine hawalipendi.

Katika zahanati tuna daftari la mama wajawazito. Tuna daftari la kifua kikuu. Tuna daftari la wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Mtu asipokuja siku yake, tunajua, na mhudumu wa afya wa kijiji huenda kumtafuta nyumbani. Lakini mtu aliyepasuliwa moyo hana daftari. Anapewa karatasi na tarehe ya kurudi Dar es Salaam. Toka Shinyanga mpaka huko ni karibu kilomita 1,000. Nauli ikikosekana, tarehe inapita. Hakuna anayejua. Nchi imetumia fedha nyingi kumtengeneza moyo, halafu tunampoteza kwa kukosa daftari la shule la kurasa 96!

Wapo wanaosema, "Watu hawa ni wachache, ni kazi ya mabingwa." Kweli ni wachache. Lakini kwa kuwa ni wachache, kazi yake ni ndogo. Mizani ya kupimia mama wajawazito ipo. Mashine ya presha ipo. Vijiti vya kupima mkojo ni vile vile vya kliniki ya mama. Kijiti huonyesha protini na damu katika mkojo, navyo ni dalili kwamba vichujio vinavuja. Hakihitaji bingwa. Kinahitaji mtu anayejua kusoma rangi na kuandika tarehe. Kriatinini sisi hatuwezi kuipima, lakini hospitali ya wilaya inaweza, na damu hiyo hiyo wakaitumia kupima wembamba wa damu kwa wanaokunywa warfarini.

Wengine wanasema mgonjwa mwenyewe atajisikia figo zikianza kuharibika. Hilo si kweli, na ni hatari. Figo hazilii. Mtu anaweza kupoteza nusu ya kazi ya figo zake asihisi lolote, na hata kriatinini ikabaki kama kawaida. Akianza kutapika, kuwashwa mwili na kuvimba, kazi imekwisha kuharibika sana. Hapo kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu, mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4. Au kupandikizwa figo ya ndugu, kazi iliyoanza Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Mambo hayo ni makubwa, nayo ni mazuri kwa anayeyahitaji. Lakini mkulima wa Bukombe atahama na jembe lake akaishi karibu na mashine?

Mimi ni mganga msaidizi tu, nina cheti. Sipasui mtu. Lakini yule bingwa aliyepasua hawezi kuona miguu ya mgonjwa wake ikivimba huku Nyarugusu. Mimi naiona, nikiwa nimeandika jina lake.

Kwa hiyo naomba halmashauri za kijiji zilijadili jambo hili katika mkutano. Jina la kila mwenye kovu la moyo liandikwe zahanati, kwa ridhaa yake. Kila mwezi apimwe uzito, presha na mkojo. Tarehe hiyo ishikamane na ile ya sindano yake ya penisilini, ambayo wengi wao huendelea kuchomwa kila baada ya wiki 3 au 4 ili koo lisiharibu milango tena. Wengine huiacha wakidhani mlango mpya hauna haja nayo. Wana haja nayo, maana milango mingine ni ile ile ya zamani.

Nyumbani mtu wa moyo ajipime uzito asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, kama ana mizani au jirani anayo. Mizani ya pamba haifai kwa jambo hili. Akiona ameongezeka kilo 2 kwa siku chache, hajashiba, ni maji. Aje. Aje pia mkojo ukipungua sana, ukiwa mweusi au mwekundu, ukitoa povu lisiloisha, au uso ukivimba asubuhi. Kwa watu wa Geita, safari ya Mwanza imekuwa nyepesi toka daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Zamani gari la wagonjwa lilingoja kivuko na mgonjwa ndani. Sasa hakuna sababu ya kumweka mtu nyumbani siku 3 tukiangalia kama uvimbe utashuka.

Mwenye kuja kupima alete mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza, katika chupa safi yenye mfuniko. Chupa ioshwe kwa maji mengi na kukaushwa juani. Isibaki na sabuni ya unga wala dawa ya kutoa madoa, kwa sababu hivyo hukidanganya kijiti. Kwetu tunapima siku za Jumanne, na asiye na chupa tutampa.